Mama Alivyovunja Kitasa cha Mlango

Nduta, uko? Nimetoka kwa mama sasa hivi na siamini nilichosikia.

Mwaka wa 1979, pale mtaani Mbotela, kaka yangu Mutisya alikuwa na siku tano tu. Mdogo, hana nguvu, analala masaa sita bila kunyonya. Nesi akamwambia mama amwamshe kila baada ya masaa matatu, usiku na mchana.

Nyanya, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka kijijini Kangundo kusaidia. Kumwona mama akimpangusa mtoto uso kwa kitambaa baridi, akapiga kelele majirani wote wakasikia: "Kanyiva! Mtoto aliyelala haamshwi! Unataka kuniulia mjukuu?"

Mbele ya watu, Nduta!

Kesho yake nyanya akambeba mtoto, akajifungia naye chumbani. Eti leo atashiba usingizi.

Masaa matatu yakapita, yakawa manne. Mama anagonga, anabembeleza, maziwa yamelowesha blauzi yote. Wapi!

Akachukua nyundo ya baba. Akagonga kitasa mpaka kikaanguka. Mama yangu huyu mpole, na nyundo!

Akamchukua mtoto, akaketi hapo hapo sakafuni, akamchezea nyayo mpaka akafungua mdomo. Akamwambia nyanya: "Mama, nakuheshimu sana. Lakini huyu atanyonya, hata tukikaa bila mlango."

Mutisya alinyonya mpaka jasho likamtoka. Nyanya akajionea mwenyewe njaa aliyokuwa nayo.

Jioni baba akarudi, akauliza kwa ukali ni nani amevunja mlango.

Nyanya ndiye aliyejibu: "Uliza kwanza kama mke wako amekula."