Kiti cha Plastiki Kando ya Ziwa

Jumapili

Kiti kile kimenikera! Tangu nipate kiharusi, nyumbani hawaniamini hata hatua kumi. Leo baada ya ibada tumekwenda kutembea kando ya Ziwa Babati, mimi na fimbo yangu, binti yangu Neema nyuma na kiti cha plastiki kichwani, baba yake na wajukuu mbele.

"Mama, kaa kidogo."

Nikakataa. Mguu wa kushoto ulikuwa mzito, na naogopa hautarudi kuwa... Basi.

Karibu na mitumbwi tukakutana na mama mmoja. Akakitazama kiti, akasikitika.

"Poleni jamani. Mnakipeleka kiti msibani? Msiba uko wapi?"

"Ulikuwa wangu," nikamjibu, "lakini nimeuahirisha."

Neema alicheka mpaka akakaa kwenye kiti changu. Mimi nikaendelea kutembea.