Aproni Arobaini na Mifuko Yake

Duka la Ushonaji,
Mkabala na Kinyozi,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Mziwanda,

Hujambo? Wifi hajambo? Na mapacha, meno yameota au bado wanatafuna vidole? Sisi huku wazima, ila mimi nimechanganyikiwa, na nikichanganyikiwa unajua ni nani hupata barua.

Yako niliipokea. Lakini mwenzangu, siku hizi umekuwaje? Maandishi makubwa kama ya mtoto wa chekechea, maneno manne mstari mzima! Karatasi sita za kuniambia mvua imenyesha.

Sasa sikia. Unaijua klabu yetu ya kujitolea, tunakutana kila Alhamisi saa kumi na moja juu ya duka la rangi, na anayechelewa huosha vikombe. Unaijua pia sheria yetu: mwenye shida hatajwi jina. Mwenyekiti peke yake ndiye humjua. Sisi wengine tunaelezwa shida tu, ili mtu asije akaonewa huruma sokoni.

Mwezi uliopita mwenyekiti wetu, yule mkunga mstaafu, alisema kuna mtu macho yake yameingia ukungu, kazi yake inataka macho, anahitaji upasuaji, na hajamwambia mtu. Moja kwa moja nikajua ni fundi saa wa pale kona. Nikasimama. "Jamani, mtu mzima ana mdomo wake, aseme! Mficha maradhi kilio humfichua." Kinyozi akaanza kuchunguza kucha zake. Tulipopiga kura, uliopinga ulikuwa mkono wangu tu.

Usinione mbaya. Nilishindwa, basi nikafanya kazi kuliko wote. Ilipangwa siku ya kuosha magari na kuuza tiketi za bahati nasibu, nami nikashona aproni arobaini, kila moja na mfuko mpana tumboni. Siku yenyewe nikashangaa. Watu wamevaa aproni zangu, lakini tiketi wamezishika mkononi, wengine wamezibana kwa meno. Kinyozi chenji kaiweka kwenye soksi! Nikawauliza, mifuko ni ya nini basi? "Tunaogopa kuichafua, dada." Nikaona watu hawa wana wazimu.

Juzi Alhamisi mkunga akaja dukani akanipa karatasi. "Isome, kisha uniambie." Nikaishika mbali, nikaishika karibu, nikatikisa kichwa kama hakimu. Nikamwambia, "Safi sana. Mungu amjalie huyo mtu." Akanitazama, hacheki, halii, kisha akaenda zake.

Mkwe wangu alipoleta chai akaiokota, akaisoma kwa sauti. Hospitali ya macho, Jumatatu, saa mbili asubuhi, na jina langu kamili mpaka la babu.

Mziwanda, nilikaa chini. Niliona aibu, nikaona hasira, nikacheka, halafu sijui. Ndimi niliyeinua mkono kujinyima! Na kama mwenyekiti peke yake ndiye anajua, mbona kinyozi alichunguza kucha? Mkwe akasema polepole, "Mama, si wewe unayewashonea wote nguo? Suruali yake mguu mmoja umekuwa mfupi tangu Machi."

Nikaichukua aproni moja, nikapitisha vidole kwenye mfuko. Nimeushona pande zote nne. Zote arobaini ziko hivyo. Nikavuka barabara na mkasi wangu, nikamwambia kinyozi anipe yake niifumue. Hakunipa. Akasema, "Iache hivyo hivyo, dada. Utaifumua ukirudi."

Kinachonizungusha kichwa ni hiki: suruali ni suruali, lakini habari ya ukungu mkunga kaipata wapi? Mkwe mwenyewe nilimficha. Nilimfikiria yeye, nikamfikiria kinyozi, hata fundi saa wa watu, masikini, ambaye kumbe macho yake ni ya mwewe.

Hapo nimeiweka kalamu, nikaichukua tena barua yako nione kama kuna swali sijalijibu. Nimeyatazama yale maandishi makubwa kwa muda mrefu.

Ni wewe. Mistari yangu imekuwa ikipanda kama ngazi tangu mwaka jana, nawe ukasoma, ukanyamaza, ukamwandikia mkunga. Ukaanza kuniandikia hivyo nisiaibike.

Nilitaka kukugombeza, nimeghairi. Jumatatu nitakwenda. Naogopa, nakwambia kweli, ila mkunga atanishika mkono, na huyo hajawahi kumwachia mtu njiani.

Nisalimie wifi, niwabusie mapacha, na shangazi mwambie gauni nililomshonea asilivae kwanza, alikague mikono. Mungu awafunike nyote kwa kheri yake.

Na barua ijayo usimalize karatasi. Niandikie kwa zile herufi zako ndogondogo za siku zote.

Dada yako akupendaye, mmbea wee.