Dawa Isiyo na Macho

Hodan, mtoto wa kaka yangu, assalamu alaykum. Mimi shangazi yako ni mzima, na Garissa imepata mvua.

Sauti niliyobaki nayo masikioni tangu siku za matibabu ni ya ufagio ukizoa nywele zangu sakafuni. Unauliza kwa nini dawa ya saratani iliyoniponya ilinipukutisha nywele. Daktari alinieleza kwamba huua seli zinazozaliana haraka: za uvimbe, za nywele, hata za damu zinazotukinga na maradhi. Homa ndogo ingeweza kuniua, kwa hiyo akanikataza maziwa mabichi.

Wiki hiyo mama yangu, ayeeyo wako, akafika kutoka Eldas na maziwa ya ngamia. Kwao hayachemshwi; huaminiwa kwamba yakichemshwa, ngamia hukauka maziwa.

"Hooyo," nilimwambia, "ukinyunyizia mbuzi dawa ya kupe, hufa kupe peke yao?"

"Hata ndege wanaowala hao kupe hufa."

"Na dawa yangu ni hivyo hivyo."

"Basi haina macho. Yachemshe hayo maziwa. Lakini ngamia wangu akikauka, nitakukamua wewe."

Nilicheka, nikamwonyesha sufuria jikoni. Maziwa nilikuwa nimeshayachemsha alipokuwa akiswali adhuhuri.