Kijipande Kilichokupeleka Ulaya

Barabara ya Kumi na Mbili,
Ngamiani,
Tanga.
4 Novemba 1959

Mpendwa mdogo wangu Hamed,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hujambo huko kwenye baridi? Kifua kimepoa au bado unakohoa? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua, lakini ukitajwa wewe huinuka bila kushikwa mkono. Mimi mimba imekuwa kubwa, namwomba Mungu nijifungue salama.

Barua yako imefika, na zile picha mbili. Nikwambie kweli, Hamed, nimekuonea wivu. Usicheke! Wivu wa kumkosesha mtu chakula. Chuoni tulikaa mkeka mmoja na nilikuwa nakushinda, na hesabu zako nani alikuwa akikufanyia? Leo wewe unatazama ndani ya mtu, mimi natazama ndani ya sufuria.

Unasema walikutoa kipande cha ngozi ya mkono, wakakiotesha kwenye chupa, wakatia dawa na rangi, ndipo hizo kromosomu zikaonekana kwenye darubini, zimetawanyika ovyo kama nyuzi chini ya cherehani. Mkazipiga picha, mkazikata moja moja kwa mkasi, mkazipanga kuanzia ndefu mpaka fupi, mkitazama na pale kiuno kilipobanwa, kila moja na mwenzake. Ala! Si ndiyo kazi yangu dukani kwa mume wangu? Kanga zikishakatwa zikachanganyika, ni mimi nitafutaye mwenzake kila moja, pindo kwa pindo, maneno kwa maneno, mpaka doti itimie. Ila mimi nikimaliza siitwi bingwa, naitwa nikapike.

Tena sikiliza kisa cha Mama. Nilipomwonyesha picha yako, akaona yale yaliyopindapinda kwa safu, akadhani ni kombe, maandishi ya kuoshwa mgonjwa akanywa. Akasema mwanawe amemwandikia mjukuu dawa huko huko Ulaya. Kugeuka tu, kaishaiweka kwenye sahani, kaiosha kwa marashi, na Sleyum wangu kaishayanywa yale maji! Wino haukutoka hata chembe, na mtoto akataka tena. Tangu hapo akitabasamu tu, Mama husema, "Dawa ya Hamed hiyo." Mimi ninayemlisha kijiko kwa kijiko sitajwi. Lo, nilinuna!

Picha yenyewe haikuharibika, nikaianika nikaitazama vizuri. Jozi zako zinafanana, ila ile moja uliyosema ndiyo ya uanaume: moja kubwa, na mwenzake kijipande tu, hakifiki ukucha wa mtoto. Ukaandika kwamba mimi mahali pa kijipande hicho nina nyingine kubwa. Kumbe ndicho hicho! Ndicho kilichokupandisha meli, na Baba, Mungu amrehemu, akasema mimi nimeshajua kusoma, yatosha. Ningejua mapema ningekuibia.

Nikaichukua picha ya pili, ya huyo mtoto wa huko unayesema ni kama Sleyum, macho yake, ulimi wake, na kuchelewa kwake kutembea. Wewe una kromosomu arobaini na sita, yeye arobaini na saba. Kwenye zile ndogo kabisa, palipopasa kuwa mbili pana tatu. Umesema Wafaransa wamelivumbua jambo hili mwaka huu, na kwamba si dhambi ya mama, si jicho la mtu, wala haliambukizi. Hapo nililia, Hamed. Tangu azaliwe nilikuwa nangoja mtu aniambie hivyo.

Maana mama mkwe wangu, Bi Mwamvua, ameshikilia kwamba Sleyum ni nuksi, na nikiendelea kulala naye atamharibu aliyemo tumboni. Anataka mtoto apelekwe shamba Tongoni kabla sijajifungua, akae huko moja kwa moja, na Mselem amekubali. Mume wangu niliyemtandikia kitanda kwa mikono hii! Nilimsomea barua yako yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hayo umeyatia wewe." Akavaa kofia akatoka.

Basi mwandikie wewe. Iandike kwa jina lake, utie sahihi, na kama hospitali watakupa mhuri, ugonge. Yatakuwa maneno yale yale niliyomwambia mimi, lakini wewe atakuamini. Wallahi naona uchungu kukuomba, uchungu wa shubiri. Lakini hicho kijipande kimekutumikia wewe miaka yote, nacho kinitumikie na mimi mara moja. Fanya haraka, tumbo halingoji posta.

Mama anakusalimu sana, anauliza kombe jingine litakuja lini. Ghanima, mdogo wetu, anakusalimu, na Shekhe wa chuo naye anakuombea dua. Sleyum anakusalimu kwa namna yake: nikitaja jina lako hupiga makofi. Mungu akukinge na baridi na husuda za watu, hata hii yangu.

Wala usijivune. Pamoja na elimu yako yote, wewe una arobaini na sita tu. Mwanangu amekuzidi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na wivu wangu,

Hamdiya