Mama Amepanga Ghorofani

2 Februari

Mwanangu,

U mzima? Na mkeo, na wajukuu wangu? Mimi mzima, ila magoti yananilaumu kwa ajili ya ngazi.

Usikasirike kwamba nimeondoka ukiwa safarini. Mkeo nilimuaga vizuri. Nimepanga nyumba: chumba na sebule, ghorofa ya pili, katikati ya mji. Kwako hamkuninyima kitu, lakini nikitaka hata uzi wa cherehani ilibidi nisubiri gari lako lirudi. Hapa nikishuka tu, fundi viatu yupo, duka la dawa lipo, soko liko mtaa wa nyuma, na njia ya miguu ni pana, ina miti.

Mwenye nyumba aliniuliza, "Mama, mwanao anajua? Nipe namba yake niongee naye."

Nikamwambia, "Mwanangu ana nyumba yake. Hii natafuta yangu."

Akanipa kalamu nisaini. Nimekaa kwa baba, nikakaa kwa mume, nikakaa kwa mtoto. Huu ndio ufunguo wangu wa kwanza.

Mama yako

9 Februari

Mama,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila mdogo anakuulizia kila akiamka.

Umeniweka pabaya. Ndugu watasema nimekutupa. Na ukiteleza kwenye hizo ngazi, nani atajua? Kazi ya kushona uliiacha ili upumzike, nami ndiye niliyekuomba uiache. Nakuja mwisho wa mwezi kukuchukua. Tafadhali nikukute umeshafunga mizigo.

Mwanao

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi mko wazima. Mbusu mdogo, umwambie bibi hajapotea.

Njoo, tena njoo na njaa. Mizigo sifungi. Cherehani nimeiweka dirishani penye mwanga. Juzi nimempindia muuza magazeti suruali, na mwalimu wa ghorofa ya chini ameleta gauni la harusi ya dada yake. Kupumzika kulikuwa kunanizeesha.

Mama yako

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, na wote wanakusalimu.

Najua ulidhani nimenuna, maana sikusema mengi. Sikununa, nilikuwa nimeduwaa. Kutoka kwako hadi sokoni ni pua na mdomo, lakini asubuhi nzima iliishia njiani. Muuza magazeti aligeuka ili uone suruali inavyomkaa. Wa duka la dawa alitoka nje kukuuliza habari za magoti. Mwalimu alikupokea kikapu kabla mimi sijanyoosha mkono. Hakuna aliyeuliza nafanya kazi gani. Ulisema tu, "Huyu ni wangu," wakanipa mkono. Kinyozi akawaita wateja wake: "Njooni mumwone mtoto wa fundi."

Mama, mimi ni meneja. Watu hunyanyuka nikiingia. Ila sijawahi kuitwa jina lililonijaza kifua namna ile. Nilirudi nikitabasamu peke yangu kwenye usukani kama mwehu, hata mizigo niliyoifuata nikasahau kuiulizia.

Jumamosi nawaleta watoto. Gari nitaliegesha mbali makusudi. Nataka tupite mtaa mzima kwa miguu, waonekane ni wajukuu wa nani.

Mtoto wa fundi