Miezi Saba ya Kukuombea Afya

Mama,

Nianzeje? Kila barua niliyokuandikia tangu nifike huku Uskoti nimeianza kwa kukuuliza hali. Leo sina la kukuuliza. Hali yako naijua, nami ndiye mtu wa mwisho kuijua.

Nimeambiwa Jumatano, bandarini. Nilikwenda kumtazama Bwana Athmani, yule baharia wa Likoni, nikitumai kaniletea salamu zenu. Akanikumbatia akasema, "Pole, mwanangu, kwa msiba wa mamako. Mungu amrehemu." Nikamwambia, "Umekosea mzee wangu, mama ni mzima, barua yake ninayo hapa." Nikaitoa mfukoni nikamwonyesha. Alinitazama, Mama, kisha akaketi juu ya kamba za meli akalia kuliko mimi. Masikini alidhani mtihani wangu wa chuo nimeshaufanya na habari nimeshapewa.

Miezi saba! Miezi saba umelala makaburini Kongowea, nami nakuandikia vichekesho.

Kwetu msafiri hafikishiwi habari ya msiba, asije akaanguka ugenini hana wa kumshika. Hilo nalijua. Hata sisi tulimficha Mjomba alipokuwa Unguja, tukangoja mpaka amevua viatu ndani ya nyumba. Lakini Bwana Athmani ananiambia ni wewe mwenyewe uliyeagiza, kitandani: "Abdalla asiambiwe mpaka amalize mtihani. Zuhura, wewe endelea kumwandikia." Na dada yangu akaendelea. Wewe hukufundishwa kuandika, yeye ndiye aliyekuandikia siku zote. Hati ni ile ile. Ningejuaje?

Ningejua, Mama. Hilo ndilo linaloniua. Ulipokuwa ukimtolea maneno ayaandike huku unasuka mkeka, ukili umeubana menoni, barua zilikuja shaghalabaghala: kuku, mguu wa jirani, je navaa sweta, kisha kuku tena. Halafu zikaanza kuja zimenyooka. Nami, mjinga wa watu, nikakusifu! Nikaandika, "Mama, siku hizi barua zako zimetulia."

Uliwahi kuniuliza kama bahari ya huku nayo hupwa na kujaa. Wakati wa likizo wenzangu walikwenda milimani, mimi nikapanda treni peke yangu hadi pwani ya kaskazini. Nilikaa juu ya jiwe mchana kutwa, midomo imekufa ganzi, natazama maji yanavyorudi nyuma. Nikakuandikia kurasa nne. Hupwa, Mama, tena hupwa mbali kuliko pale Nyali, na wala hawatoki watu kuokota chaza. Jibu likaja: "Nimefurahi sana, mwanangu." Nani aliyefurahi?

Nchi hii nimeizunguka kwa ajili ya kukusimulia wewe. Kondoo wenye nyuso nyeusi, treni inayopita chini ya mji, theluji niliyoikamata ikaniishia mkononi, vyote niliviona nikiwa tayari natafuta maneno ya kukwambia. Sasa nakaa dirishani na sioni kwa nini nitazame. Mtihani umebaki wiki mbili. Tangu Jumatano sijafungua kitabu. Nataka kurudi, kisha najiuliza, narudi kwa nani?

Na kila baada ya sala nilikuombea siha na umri mrefu. Wewe ulikuwa wahitaji rehema, mwanao anakuombea umri! Nisamehe. Nami nikwambie kweli, nimekukasirikia, wallahi, nimekukasirikia. Ulijua huponi, ukanichagulia mtihani. Ningechagua mwenyewe.

Dada Zuhura nilikusudia kumkana. Asubuhi hii nilianza barua ya kumwambia kwamba mimi sina dada. Nilipofika kwenye neno "mwongo" nikaitafuta barua yake ya kwanza baada ya kifo chako, nipate ushahidi wa kumsuta. Tarehe ya mazishi nilikuwa nimetajiwa na Bwana Athmani. Barua ile imeandikwa siku moja tu baada ya kuondoa matanga. Mikono iliyokuosha na kukuvisha sanda, Mama, mikono hiyo hiyo imeandika, "Mimi mamako ni mzima wa afya."

Aliiandikaje? Aliketi wapi?

Kisauni nzima ilimpa pole, isipokuwa mtu mmoja aliyezaliwa naye tumbo moja. Mimi nilimpelekea vichekesho, naye akavisoma peke yake, akatafuta maneno ya kucheka ya kuvijibu.

Barua ya kumkana nimeichana. Kwaheri mamangu. Mungu akulaze pema, akupe rehema zote nilizochelewa kukuombea. Kama nitaufanya mtihani sijui, hilo usinidai. Ninaloweza kukuahidi ni hili: kesho, kabla ya kwenda popote, natia posta barua ya kwenda kwa Zuhura. Sitamuuliza kwa nini. Nitampa pole ya mama yake.

Mwanao,
Abdalla