Mwenye Nyumba Wangu Anajiita Mchawi

Richfield, Minnesota
4 Septemba 2005

Mama mpendwa,

Ugonile, umeamkaje? Nakuombea mguu uwe umeacha kukusumbua, na kaka Jotham awe amemaliza kuezeka jiko kabla ya mvua. Mimi ni mzima, mzima wa kurukaruka!

Nimepata chumba, mama! Si kile cha kubanana wanne. Changu peke yangu, kina dirisha na kabati, na ndege za uwanjani zinapita chini kiasi kwamba nahesabu magurudumu yake. Mwenye nyumba ni mama wa miaka sitini na kitu, anaitwa Solveig. Litamke Solvei, hiyo g ya mwisho ni pambo tu. Aliuguza wagonjwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Aliposikia nasomea uuguzi alinikumbatia pale mlangoni, begi bado liko mkononi.

Sasa keti, mama. Umeketi? Jana tunakula nikamuuliza anasali wapi. Akajibu, "Mimi ni mchawi." Kwa sauti ya mtu anayeomba apewe chumvi! Kijiko kilinidondoka. Nikadhani Kiingereza kimenichezea, nikakimbilia kamusi. Neno ni hilohilo. Kumbe ni dini, inaitwa Wika. Wana sikukuu zao, wanaheshimu mwezi na majira, wanamwomba mungu wa kike pamoja na wa kiume. Ana ufagio ukutani. Nilimuuliza kama unaruka, akacheka mpaka akakohoa.

Na bado! Mwalimu wetu wa maadili ya uuguzi ametupa kazi: kila mwanafunzi achague dini isiyo yake, aeleze wafuasi wake wanasemaje kuhusu kutoa mimba. Wenzangu wanagombea vitabu maktaba. Mimi nina mchawi jikoni!

Msalimie Jotham na kwaya nzima.

Binti yako,
Tumpe


Tukuyu
27 Septemba 2005

Mwanangu Tumpe,

Salamu nyingi. Mguu unaendelea, jiko limeezekwa, ng'ombe kazaa. Hayo nimeyasema, sasa nisikilize.

Toka katika nyumba hiyo. Usingoje mwisho wa mwezi. Barua yako niliisomea madukani nimesimama, ikabidi muuza duka anipe kiti. Mchawi anakuambia yeye ni mchawi, nawe unakula chakula chake! Huku kwetu hata aliye mchawi kweli ana haya ya kukana. Huyo Solvei wako hana hata haya!

Na hayo mambo ya mimba, binti asiyeolewa anayajadili na watu wa namna hiyo kwa faida gani? Kama ni masomo, chagua Waislamu, chagua Wahindi, wapo wengi. Nimekuombea jana na juzi, nimefunga. Niandikie upesi uniambie umehamia wapi.

Mama yako,
Jedidah


Richfield
30 Oktoba 2005

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kufunga. Natumaini umeshakula. Mimi sina homa, sina kikohozi, na sijahama.

Usiichane barua kwanza! Nisikilize, maana sijawahi kufurahia somo lolote kama hili.

Nilimuuliza Solveig, "Sheria yenu inasemaje?" Akaniambia wanayo moja kuu: ilimradi humdhuru yeyote, fanya upendalo. Halafu wengi wao huamini kwamba utendalo, jema au baya, hukurudia mara tatu. Nikamwambia, basi jibu ni rahisi. Akasema, "Njoo Jumapili uone urahisi wake."

Nikaenda, mama. Baada ya ibada ya kwetu, usiogope! Walikuwa wanawake sita, supu ya maboga na mikate. Nilidhani watasema wote neno moja. Walibishana mpaka supu ikapoa! Yote yalisimama kwenye neno "yeyote". Je, kilicho tumboni kimo ndani ya "yeyote"? Tangu lini? Careen, fundi wa meno kutoka Plymouth, alisema alitoa mimba akiwa na miaka ishirini, hajutii, ila kila mwaka siku yao ya kuwakumbuka wafu huwasha mshumaa na kukaa kimya. Valentina akapiga meza. Yeye alizaa akiwa na kumi na saba, akamkabidhi mtoto kwa watu wengine wamlee, na kwake kutoa mimba ni kudhuru, basi. "Lakini sitamwita Careen muuaji," akasema, "na sitaki serikali imwite hivyo." Careen akamjibu, "Nawe ulidhurika kwa kumtoa yule mtoto mikononi. Hilo mbona hulihesabu?" Wakalia wote wawili. Halafu wakagawana mkate wa mwisho!

Mkate ulipokwisha Solveig akasema, "Sheria hii mimi hunitesa kwa sababu hainiambii la kufanya. Hunizuia tu kusema nililazimishwa, na hunizuia kumsingizia mwingine."

Nami wakaniuliza kwetu tunaamini nini. Nikawaambia kwetu mchawi ni mtu wa kuua. Nikawaeleza kwamba jina langu ni la mama mdogo Tumpe, aliyerogwa akafa akiwa mwanafunzi. Wakauliza, "Alirogwa na nani? Huyo mtu alifanywa nini?" Mama, niligundua sijui. Sikuwahi kukuuliza.

Nani alimroga? Na hili la mimba, wewe mwenyewe moyoni unaonaje? Nataka nikuandike kwenye kazi yangu, usiposema hapana.

Binti yako,
Tumpe


Richfield
8 Januari 2006

Mama,

Heri ya mwaka mpya. Huu ni mwezi wa tatu bila herufi yako. Nimempigia Jotham, anasema u mzima, unakwenda kwaya, ila ukitajiwa jina langu unainuka kwenda kuchota maji hata kama ndoo imejaa.

Kama ni kwa ajili ya nyumba hii, nikaripie, lakini niandikie. Kazi yangu niliisoma mbele ya darasa na wakasimama kupiga makofi! Mwalimu aliomba abaki na nakala. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kusikia. Baridi ya leo inagandisha kope.

Tumpe wako


Tukuyu
19 Februari 2006

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Sina ugonjwa. Hii naituma bila Jotham kuisoma.

Umeniuliza nani alimroga mama yako mdogo. Hakuna.

Mwaka 1973 nilikuwa nimeolewa Masoko, mwaka wa kwanza, naogopa hata kikohozi cha mama mkwe. Tumpe alikuwa kidato cha pili. Alinijia mchana, mvua inanyesha, sare ya shule imemgandia mwilini. Akaniambia ana mimba, na shule wakijua wanamfukuza. Akasema, "Dada, niambie la kufanya." Nikamwambia asiniletee aibu ukweni. Sikumfungulia hata aingie ajikaushe. Tuliongea yeye akiwa nje, mimi nimeshika komeo.

Akaenda kwa mtu mmoja mjini Mbeya, mwanafunzi mwenzake alininong'oneza baadaye matangani. Siku ya tatu alirudi anavuja damu, na hakuja kwangu. Aliingia kwa jirani yangu, mwanamke mmoja mjane aitwaye Sekela, mwenye mtoto mmoja. Sekela akampa uji, akatafuta vijana wambebe kumpeleka hospitali. Akafia njiani.

Matangani baba yetu aliuliza kila mtu: alikula wapi, alikuwa kwa nani? Nilijua kilichomuua. Nikasema neno moja tu: "Alikunywa uji kwa Sekela."

Sikusema amerogwa, Tumpe. Sikuhitaji. Kesho yake nyumba ya Sekela iliwaka moto, na watu walimtoa kijijini kwa mawe, mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nimesimama miongoni mwao. Sikurusha jiwe, na sikufungua mdomo.

Miaka thelathini na mitatu naimba kwaya na jambo hili. Halafu wewe unaniandikia maneno ya yule mama, "hunizuia kumsingizia mwingine," nikainuka kuchota maji ambayo sikuyahitaji. Nilikuambia utoke kwenye nyumba ya mchawi. Afadhali ungejua ulilelewa katika nyumba gani.

Ukiamua usinijibu nitaelewa.

Mama yako


Richfield
12 Machi 2006

Mama,

Bado wewe ni mama yangu, na bado nakuamkia. Shikamoo.

Nilikasirika, sitaficha. Nilitoka nikazunguka ziwa lote lililoganda, viatu vikalowa, nikakuita majina ambayo sitayaandika. Kisha nikarudi nikamtafsiria Solveig barua yako pale mezani. Aliinuka akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Mwishoni akasema, "Mimi jina hilo nilijipa mwenyewe, na majirani wananiletea keki. Yeye alibandikwa." Akaniuliza swali moja, ndilo nami nakuuliza: Sekela yuko hai?

Mama, kama yuko hai, nenda! Usingoje Pasaka wala mguu. Mama mdogo hatuwezi kumrudisha. Huyu labda yupo mahali, anaamka kila siku na jina ulilompa.

Ulitaka, au hukutaka, kujua mimi naonaje. Kabla ya barua yako nilikuwa upande wa Valentina. Sasa nikifumba macho naona sare iliyolowa, na sijui tena niko upande gani. Najua tu ningempa nguo kavu.

Nenda, mama. Niandikie siku hiyohiyo.

Tumpe


Tukuyu
24 Aprili 2006

Mwanangu Tumpe,

Ndaga fijo! Ndaga fijo, asante sana mwanangu! Sijui nianzie wapi, kalamu inakimbia kuliko mkono.

Yuko hai! Jotham aliulizia wafanyabiashara wa mchele, wakamwambia yuko Kyela, kwa mwanawe. Jotham nilimweleza yote njiani. Alisimamisha gari, akashuka, akakaa jiweni, kisha akarudi akaendesha. Tulikuwa pia na mzee wa kanisa, Jairus, maana niliogopa nitamwambia Jotham ageuze gari.

Tulimkuta uani anaanika kakao. Nywele nyeupe kabisa, mgongo umenyooka kuliko wangu. Nikapiga magoti kwenye zile mbegu. Nikasema yote, komeo, uji, mawe. Aliendelea kugeuza kakao. Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Yule mtoto aliniambia mwenyewe. Mimba, na huyo mtu wa Mbeya. Aliniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe. Alisema, dada akijua nilikwenda huko baada ya kutoka kwake, atajilaumu mpaka afe. Nikamwapia."

Tumpe, unaelewa? Waliporusha mawe angeweza kusema neno moja akaokoka. Alinyamaza kwa ajili ya kiapo. Kwa ajili yangu! Nililia mpaka Jairus akaniinua. Sekela hakulia. Akasema, "Mimi sikusamehe leo, usinilazimishe. Mimi nataka kwenda Masoko. Ukaseme kulekule." Akaingia ndani akatoka amevaa kitenge kipya, akakaa kiti cha mbele cha gari kabla sijajipangusa magoti!

Jana, Jumapili, nilisimama kanisani Masoko baada ya ibada, yeye pembeni yangu. Nikayasema yote tena mbele yao. Baba yako mdogo alitoka nje na nusu ya ukoo wetu. Wameniondoa uongozi wa kwaya. Lakini mzee mmoja kipofu alikuja akipapasa, akashika mkono wa Sekela, akasema, "Mimi nilirusha." Kisha akaja mwingine. Na mwingine! Kiwanja cha Sekela pale Masoko sasa kina migomba ya watu wengine, Jairus amesema baraza litakaa juu ya jambo hilo, na Sekela amemjibu atakuja na shahidi na jembe.

Kuhusu mimba, uliniuliza mwaka jana. Kuitoa, moyo wangu bado unakataa, sitakudanganya. Lakini nilimkatalia mdogo wangu hata kukauka, na hilo silihesabu tena kuwa ucha Mungu. Waandikie hivyo walimu wako ukipenda, na jina langu uliweke.

Mwambie Solvei nimemsalimu. Sitasali naye, lakini mwambie.

Sekela alilala hapa kwangu. Hivi sasa yuko jikoni, amemwaga uji wangu, anasema huku mlimani tulikuwa hatujui kupika na bado hatujui. Nimeambiwa nikachote maji, na safari hii ndoo ni tupu kweli. Anataka umsomee kwa simu ile kazi uliyoandika, yote, kwa Kiswahili. Jumamosi saa kumi za huku, kwenu itakuwa asubuhi. Kaa karibu na simu, na usome kwa sauti, masikio yake yamechoka kidogo.

Mama yako,
Jedidah